Nyabyeya: Kijiji Kimekwenda, Kanisa Limebaki



Kando ya msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, paliwahi kuwa na makazi ya watu zaidi ya 3,000 waliozungumza Kipolandi. Walikuwa na shule, hospitali, bustani za mboga, skauti na kwaya, na walikaa katika vitongoji vya nyumba za udongo zenye paa za nyasi. Walifika mwaka 1942. Mwaka 1948 makazi yao yakafungwa, wakaondoka, na nyasi zikaota palipokuwa na nyua. Leo ukifika mahali hapo, panapoitwa Nyabyeya, mashahidi kwamba watu hao walikuwapo ni makaburi yao na kanisa waliloliacha.

Nimelitembelea kanisa hilo. Nataka nikueleze nilichokiona, kisha nikueleze kwa nini nadhani habari ya kanisa hilo ni ya kwetu sisi sawasawa na ilivyo ya Wapolandi.

Ukitoka Kampala unashika barabara ya Gulu, unapita Luweero na Nakasongola, na ukifika Kafu unaiacha barabara kuu na kuelekea Masindi. Kutoka Masindi kwenda magharibi, nchi inabadilika upesi. Kwanza ni miwa ya Kinyara, miwa kushoto na kulia, na malori yanayoibeba yanadondosha mabua njiani, watoto wanayaokota na kuyatafuna wakienda zao. Baada ya miwa ni msitu. Budongo ni msitu wa mikangazi mikubwa na sokwe, na ukiingia kivulini mwake unahisi baridi hata mchana. Nyabyeya iko pembeni ya msitu huo. Watu wengi wa leo wanaijua kwa sababu ya chuo chake cha misitu.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka tulizungumza naye Kiswahili njia nzima. Upande huu wa Bunyoro, Kiswahili kina kazi ya kufanya, kwa kuwa Wanyoro wamechanganyika na Waaluri, Walugbara na wengine wengi ambao wazee wao walifuata kazi za mbao na miwa. Nilipomwambia nataka kwenda kwenye kanisa la Wapolandi, hakuniuliza ni lipi.

Si kanisa kubwa. Mbele yake kuna tai, nembo ya taifa la Poland, na maandishi ya Kipolandi. Limewekwa chini ya jina la Bikira Maria, Malkia wa Poland. Lakini karibu na mlango, siku hiyo, palikuwa pamebandikwa matangazo ya ndoa, karatasi iliyopigwa chapa, kona yake moja imeng'oka na inapepea. Majina ya maharusi yalikuwa ya watu wa hapo hapo. Ndani, pembeni ya altare, palikuwa na ngoma tatu, na ngozi ya ile kubwa imepauka katikati kwa kupigwa. Mama mmoja alikuwa akifagia. Anasogeza benchi, anafagia chini yake, analirudisha, anasogea kwenye linalofuata. Aliitikia shikamoo yangu na kuendelea na kazi. Ilikuwa siku ya kazi, na Jumapili haikuwa mbali.

Mtu aliyezoea magofu huja mahali kama hapa akitegemea popo, ukuta uliopasuka na mti ulioota madhabahuni. Mimi nilikuta kanisa ambalo watu wanalihitaji wiki ijayo.

Sasa turudi nyuma, msikilizaji, tuulize Wapolandi walifikaje Bunyoro.

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi huo huo, Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa. Katika upande wa Warusi, kuanzia usiku wa tarehe 10 Februari 1940, familia zilianza kugongewa milango. Wanajeshi waliwapa watu muda mfupi wa kufungasha, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia, Arkhangelsk na Kazakhstan, katikati ya majira ya baridi kali. Walikuwa mamia ya maelfu: familia za wakulima, walinzi wa misitu, watumishi wa serikali, askari wa zamani waliokuwa wamegawiwa ardhi. Huko walikata magogo na kuchimba ardhi iliyoganda. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na watoto ndio waliotangulia.

Mwaka 1941 mambo yaligeuka. Mwezi Juni Hitler aliishambulia Urusi, na tarehe 30 Julai serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikatiliana saini na Moscow. Wapolandi wakafunguliwa. Jenerali Władysław Anders akaanza kukusanya jeshi kutoka miongoni mwa watu waliotoka makambini, na familia zikalifuata jeshi hilo kuelekea kusini, kwa sababu penye jeshi palikuwa na mkate. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi mpaka Iran. Wanaume wakaendelea na vita. Ukisikia habari za Monte Cassino, ule mlima wa Italia uliotekwa Mei 1944, ndio hao.

Wakabaki akina mama, wazee na watoto, wengi wao yatima. Nani angewachukua? Sehemu yao walipelekwa India, wengine Mexico, wengine New Zealand. Na kati ya watu 18,000 na 20,000 waliletwa Afrika, katika makoloni ya Waingereza ya mashariki na kusini. Walishukia Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Beira. Tanganyika ilipokea wengi kuliko nchi nyingine: Tengeru karibu na Arusha, kambi iliyofikia watu wapatao 5,000, kisha Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda ilikuwa na kambi mbili kubwa, Koja kando ya Ziwa Victoria, na hii ya Nyabyeya, iliyojulikana kama kambi ya Masindi.

Njia ya kwenda Masindi enzi hizo ilikuwa ndefu. Kulikuwa na reli kutoka pwani mpaka Namasagali, kisha meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, kisha gari. Namfikiria mama aliyetoka katika theluji ya Arkhangelsk, amezika mtoto mmoja Kazakhstan na mwingine Iran, na sasa anaambiwa ashuke kwenye lori, amefika, na mbele yake ni msitu.

Tafadhali usidhani kwamba alikuta raha. Malaria ilikuwa ikiwangoja. Makaburi ya Nyabyeya yanasema hivyo, na ya Tengeru pia. Lakini palikuwa na chakula, palikuwa na paa, na hakuna mtu aliyekuja usiku kugonga mlango. Shule zilifunguliwa haraka na watoto waliokuwa wamepoteza miaka miwili ya masomo wakakaa chini kusoma, mara nyingi bila vitabu vya kutosha. Fedha za kuziendesha kambi zilitoka kwa serikali ya Poland iliyokuwa London, nayo ikizikopa kwa Waingereza.

Katika hali hiyo, kati ya 1943 na 1945, wakajenga kanisa.

Jambo hili lilinishika sana nilipokuwa pale. Nyumba zao walizijenga kwa udongo na nyasi, na walifanya vyema, kwa sababu walijiona wapita njia. Kila mmoja alikuwa akihesabu kurudi nyumbani vita vikiisha. Mtu anayehesabu kurudi hamwagi jasho lake kwenye msingi mzito. Kwa nini basi kanisa walilijenga la kudumu?

Nadhani jibu liko kwenye makaburi. Mtu akishazika mahali, mahali pale hapawi tena pa kupita tu. Hao wa Nyabyeya walikuwa wamewaacha wafu wao Siberia kando ya reli, bila alama, bila padri. Hapa Bunyoro waliweza kuzika kama watu wanavyozika, kwa sala, kwa msalaba, kwa jina lililoandikwa. Wakataka pia pawe na nyumba ambamo majina hayo yataendelea kutajwa. Jibu hili ni langu, sikulisoma ukutani. Ila ukisimama pale ukaona udogo wa kambi katika ukubwa wa msitu, unaelewa haja ya kuwa na kitu kimoja ambacho mvua haitakiyeyusha.

Jina walilolipa nalo halikuja hivi hivi. Bikira Maria aliwekwa kuwa Malkia wa Poland na Mfalme Jan Kazimierz tarehe 1 Aprili 1656, katika kanisa kuu la Lwów, wakati nchi imevamiwa na Waswidi. Lwów ulikuwa mji mkubwa wa mashariki ya Poland, upande ule ule walikofukuzwa watu hawa. Leo ni Lviv, katika Ukraine. Kwa hiyo waliolijenga kanisa la Nyabyeya walilipa jina linalotoka kwao kabisa, jina la siku ambayo mfalme wao alikuwa ameikosa nchi yake, naye akaapa.

Mwezi Februari 1945, Stalin, Roosevelt na Churchill walikutana Yalta. Mashariki ya Poland ikabaki mikononi mwa Urusi. Tarehe 5 Julai Uingereza ikaacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa London, ikaitambua ile ya Warsaw iliyowekwa kwa nguvu za Moscow. Habari zikafika Budongo. Kanisa likiwa jipya kabisa, waliolijenga wakajua kwamba nyumbani walikokuwa wakihesabu kurudi hakupo tena.

Hapo ndipo kambi ilipoanza kufa. Wako waliorudi Poland hata hivyo, wakakaa katika sehemu wasizozijua. Wengi waliwafuata waume na kaka zao waliokuwa wametoka jeshini na kupewa ruhusa ya kukaa Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1947. Serikali za kikoloni za hapa kwetu hazikutaka wabaki, isipokuwa wachache wenye kazi au jamaa. Masindi ikafungwa 1948, na waliokuwa hawajapata pa kwenda wakahamishiwa Koja. Mwaka 1949 padri Lucjan Królikowski alikwenda na watoto yatima wa Tengeru, wapatao 150, mpaka Kanada. Mapema mwaka 1950 meli ya General Langfitt iling'oa nanga Mombasa na zaidi ya watu 1,000 kwenda Australia. Ukikutana leo na mzee wa Perth mwenye jina la Kipolandi, na akakwambia kwamba amekulia chini ya mlima Meru, mwamini.

Kwa nini hawakutakiwa wabaki? Hapa, msikilizaji, niruhusu nikae kidogo, kwa sababu sehemu hii ya habari mara nyingi inarukwa.

Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya jambo moja: kwamba Mzungu ni bwana. Mwafrika alitakiwa amwone Mzungu kwenye ofisi, kwenye farasi, kwenye veranda. Halafu ghafla wanaletwa Wazungu maelfu, wamevaa nguo za msaada, wanaishi katika nyumba za nyasi, wanalima mboga kwa mikono yao, wengi wao wanawake peke yao bila waume, na hawana nchi. Watawala waliliona hilo kuwa hatari. Ndiyo maana kambi ziliwekwa mbali na miji, na mazungumzo kati ya wakimbizi na wenyeji yakawekewa mipaka. Mwanahistoria Jochen Lingelbach ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 2020, akionyesha jinsi Wapolandi hao walivyowekwa pembezoni mwa Uzungu wenyewe: weupe wa kutosha kuhudumiwa na Waafrika, lakini si wa kutosha kukaribishwa na walowezi.

Na kweli walihudumiwa na Waafrika. Kuni zilikatwa na nani? Maji yalichotwa na nani? Nani waliokuwa askari wa usiku, wapishi, wapakuzi wa malori, mafundi wa kuezeka nyasi? Wanyoro na majirani zao. Katika miaka hiyo hiyo, vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland walikuwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, inapigana na Wajapani katika tope la bonde la Kabaw. Hebu tazama ilivyokuwa. Mama wa Kipolandi yuko Budongo, anangoja barua ya mwanawe kutoka Italia. Mama wa Kinyoro yuko ng'ambo ya shamba, anangoja habari za mwanawe kutoka Burma. Vita vile vile. Na watawala wanataka wawili hao wasizoeane.

Kwamba walizoeana kwa kiasi fulani, sina shaka nalo. Watoto hawajui mipaka ya serikali. Wapolandi waliokuwa watoto katika kambi hizi wameandika kumbukumbu nyingi uzeeni mwao, na ndani yake Afrika ni ya maembe, nyota, nyoka, na watu waliowachekea. Wengi wanasema ulikuwa wakati wa furaha kuliko wote. Nawaamini. Ila katika kumbukumbu hizo Mwafrika mara nyingi hana jina. Yuko tu, anapita na mzigo wa kuni.

Sasa tulinganishe na Tengeru. Tanzania tunaifahamu Tengeru kwa soko lake, kwa chuo cha mifugo, na kwa ziwa Duluti. Wapolandi wa hapo walikaa katika nyumba za duara zilizopakwa chokaa, paa zake zimechongoka, safu kwa safu, na walikuwa na kanisa la Kikatoliki, la Waorthodoksi, na sinagogi. Kilichobaki kikiwa na heshima yake ni makaburi: karibu 150, ndani ya ukuta, misalaba kwa safu, na mengine yenye nyota ya Daudi. Ukiinama kusoma utaona herufi mbili zikianza jiwe baada ya jiwe, Ś na P, ndivyo Wapolandi wanavyomtaja marehemu. Utaona miaka ya kuzaliwa na ya kufa, na kwenye baadhi ya mawe huhitaji kalamu ili kutoa mmoja kutoka kwa mwingine. Mahali pale panatunzwa vizuri sana. Kuna mtunzaji, kuna daftari la wageni, ubalozi wa Poland unachangia, na Wapolandi wanaokwenda Serengeti husimama hapo kwanza, wakafunga utepe mweupe na mwekundu.

Naiheshimu kazi inayofanyika Tengeru. Wafu hao wangekuwa wamepotea bila kazi hiyo. Lakini nilipotoka Nyabyeya nilikuwa na hakika kwamba kuna namna mbili za kukihifadhi kitu, na hazilingani. Ya kwanza ni kukizungushia ukuta na kukilipia. Ya pili ni kukitumia. Makaburi hayana namna nyingine, lazima yatunzwe kwa ile ya kwanza. Kanisa linaweza kupata ya pili, na la Nyabyeya limeipata. Wapolandi walipoondoka, hapakuwa na bajeti ya kulitunza wala bodi ya mambo ya kale. Poland yenyewe ilikuwa chini ya utawala usiotaka hata kusikia kwamba watu wake waliwahi kupelekwa Siberia. Kwa miaka arobaini hivi, mpaka 1989, sina habari ya mtu aliyekuja kutoka huko kwa jina la serikali kuuliza habari za kanisa la Budongo.

Aliyelishika ni jirani. Wakatoliki wa Nyabyeya waliingia, wakaweka ngoma zao, wakawabatiza watoto wao, wakaozesha, wakazika, mwaka baada ya mwaka. Paa likivuja ni wao walionyeshewa, kwa hiyo ni wao waliotafuta fundi. Uganda ilipita katika miaka ya Amin, ikapita katika vita vilivyofuata, na kanisa halikugeuka gofu, kwa sababu halikukosa watu wa kuingia. Leo liko ndani ya Jimbo Katoliki la Hoima. Misaada ya ukarabati kutoka Poland ilipoanza kuja, ilikuta jengo linaloishi. Tai hawakumbandua. Maandishi ya Kipolandi, ambayo wengi wa waumini hawawezi kuyasoma, wameyaacha yalipo. Wangeweza kupaka rangi juu yake na hakuna ambaye angewalaumu.

Nasema haya kwa sababu katika vitabu na vipindi vya kigeni juu ya mahali hapa, kanisa linaelezwa kama kumbukumbu ya Wapolandi Afrika, nukta. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Waliolijenga walilitumia miaka michache. Waliolirithi wamelitumia zaidi ya miaka sabini. Kama tunatafuta watu wa kuwashukuru, tuanze na yule mama mwenye ufagio na waliomtangulia.

Liko jambo jingine la karibu sana na Nyabyeya. Ukirudi Masindi na kuendelea kaskazini mashariki unafika Kiryandongo, wilaya ambayo mpaka mwaka 2010 ilikuwa sehemu ya Masindi. Hapo pana makazi ya wakimbizi ya siku hizi, maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo wengi wa Sudan Kusini. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Somalia na kwingine. Chini ya sheria yake ya mwaka 2006 mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, na katika makazi mengi anapewa kiwanja cha kujenga na kulima. Wapolandi wa 1942, pamoja na weupe wao, hawakuwa na uhuru wa namna hiyo.

Na bado mtu anaweza kukaa Ulaya leo, akasikiliza viongozi wa huko wakizungumza juu ya wakimbizi, akadhani kwamba tangu dunia iumbwe watu wamekimbia upande mmoja tu, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi, ule wa 1951, ulipoandikwa haukutufikiria sisi kabisa. Ulihusu watu waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya mwaka huo, na nchi iliyotia saini iliruhusiwa kuchagua kwamba matukio hayo ni ya Ulaya peke yake. Ilibidi tungoje itifaki ya 1967, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ndipo mkimbizi wa Afrika akaandikwa. Wakati wino wa 1951 ulipokuwa haujakauka, Tengeru ilikuwa bado na Wazungu wakimbizi wanaokula mahindi ya Tanganyika. Kambi hiyo ilikuja kufungwa baadaye kidogo.

Siyasemi haya ili tumdai mtu. Poland yenyewe iliwafungulia mlango Waukraine mwaka 2022, mamilioni, watu wakiwapokea stesheni kwa chai na mablanketi, na katika wapokeaji hao huenda wamo waliozaliwa na watoto wa Tengeru, Koja na Masindi. Nayasema kwa sababu mtoto wa darasa la saba Arusha anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba kilomita chache kutoka darasani kwake paliishi Wazungu 5,000 wasio na nchi. Mtoto wa Masindi naye ni hivyo hivyo. Tunawafundisha watoto Vita Kuu ya Pili kwa majina ya mbali, Stalingrad na Normandy, na vita hivyo vilifika mpaka kwenye kisima cha kijiji chao. Walimu wa historia mnaonisikiliza, wapelekeni wanafunzi. Kutoka Arusha mjini mpaka Tengeru ni daladala moja.

Kuna kazi nyingine ambayo haiwezi kungoja walimu. Kumbukumbu za Wapolandi zimeandikwa, ziko London, ziko Warsaw, ziko Perth na Toronto. Za wenyeji hazijaandikwa ila kidogo sana. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1945 amepita tisini kwa sasa. Wako wachache. Kama babu au bibi yako alikaa karibu na Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa, Koja au Nyabyeya, kaa naye wiki hii. Muulize nani alikata kuni za kambi na alilipwa nini. Muulize kama aliwahi kujifunza neno la Kipolandi, na alifundishwa na nani. Muulize watoto walicheza mchezo gani pamoja na walikutana wapi kumkwepa mlinzi. Muulize siku malori yalipoondoka watu walifanya nini na zile nyumba, nani alichukua milango, nani alilima pale kwanza. Washa simu umrekodi, mwache azungumze kwa lugha yake ya nyumbani, na uandike jina lake kamili na la baba yake.

Ukipata chochote, tutumie hapa redioni kwa anwani ya kipindi. Tutakisoma hewani chote, pamoja na majina.